Herufi Mbili

Ilijiboresha usiku, hodi haikupiga.
Jioni iliniuliza: sasa, au baadaye?
Nami, koti begani, nikiwahi basi la mwisho,
nikabonyeza pale palipong'aa zaidi.

Asubuhi Darkhan ilikuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri,
bomba la joto likikohoa nyuma ya kabati,
na mashine ikanipokea kwa rangi nisizozijua,
kama mwenyeji aliyehamisha vyombo vyote usiku
kisha anashangaa hujui kijiko kilipo.

Printa: haionekani.
Spika: hakuna.
Saa: ya nchi nyingine, masaa saba nyuma.
Nikazima, nikawasha.
Nikachomoa kebo, nikaipuliza, nikairudisha.
(Kupuliza hakusaidii, najua. Mkono una dini yake.)
Saa nne printa ikaamka, ikatema karatasi tupu kumi na moja
ndipo ikakumbuka kazi yake.

Hayo yote ningeyameza.
Lakini nilipofungua orodha ya wanafunzi,
vyeti vya muhula mia mbili na sita, vya kutolewa saa nane mchana,
majina yalikuwa yametoboka.

M□nkhzul.
Nyamb□□.
□lziibat.

Tunazo herufi mbili ambazo jirani wa kaskazini hazihitaji:
o iliyojifunga mkanda kiunoni,
na y iliyosimama wima, mguu mmoja, haichechemei.
Hizo tu ndizo zilizoondoka.
Mahali pake pamebaki kisanduku
kidogo, kitupu, chenye adabu,
kama kiti cha mtu aliyetoka mara moja.

Nikampigia Sükhee, fundi wa mkoa.
"Umewasha upya?" Nimewasha upya.
"Umebadilisha lugha ya kibodi?" Nimebadilisha.
"Basi rudisha mfumo wa zamani."
Ikazungusha duara lake nusu saa nzima,
kisha ikasema, kwa upole wa karani wa benki:
haiwezekani kwa sasa.
Sükhee akaguna. Nyuma yake simu nyingine zilikuwa zinalia;
mkoa mzima, nadhani, ulibonyeza palipong'aa.

Saa sita nikavichapa vyeti hivyo hivyo, na matundu yake,
nikashika kalamu ya wino mweusi.
O, mkanda. O, mkanda. Y, nyooka.
Kwenye jina la sabini mkono ukaanza kuandika vizuri,
na kalamu ikaisha.

Ndipo nikafungua droo ya chini
na, kati ya stakabadhi na biskuti iliyogeuka jiwe,
nikakuta flashi iliyofungwa plasta,
juu yake mwandiko wa bwana Gombosüren,
aliyekaa kiti hiki miaka kumi na tisa kabla yangu:
*Ikijiboresha, rudisha hizi.*

Ndani, faili moja. Fonti.
Alizichora mwenyewe zile mbili,
maana mashine ya kwanza ililetwa shuleni bila hizo
na jina lake lilikuwa na moja.
Kila mfumo mpya ulipokuja ukazifagia,
naye akazirudisha, asimwambie mtu.
Usipoziba ufa, husema watu.
Yeye aliziba; sisi tukausifu ukuta.
Nilidhani herufi zimo tu, kama hewa.
Nilimwita, tena mbele ya walimu,
mzee wa kunywa chai.

Nikaiweka. Visanduku vikafumba, majina yakafumbua.

Mönkhzul alikuja saa nane, theluji kwenye nyusi.
Cheti chake kilikuwa kimoja cha vile vya kalamu.
Subiri, nikamwambia, nikuchapie kizuri.
Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha,
akapapasa wino kwa kidole gumba, ukamchafua.
"Hii o imenenepa," akasema.
Hakukirudisha.

Spika bado ni bubu.
Saa bado ni ya nchi nyingine.
Nimebandika plasta mpya juu ya flashi,
na chini ya maneno yake, kwa mwandiko wangu mbaya,
nimeandika tarehe, na neno moja:
*zimerudi.*