Klachi. Baadaye.

Injini inawaka, hilo si tatizo.
Inawaka, inakohoa, inatulia,
moshi wake unapanda juu ya uwanda wa Shirak
polepole, kama mtu asiye na miadi.
Ila gia haiingii.
Si ya kwanza, si ya pili, si rivasi.
Nikisukuma, chuma kinasaga chuma,
na mkono wangu unatetemeka hadi begani.

Ndoo nne za maziwa ziko nyuma.
Lori la kiwanda hupita njia panda saa mbili kasoro robo,
na Manvel, dereva wake, hamngoji hata mamaye.

Hrachik wa jirani amekuja na viatu vya babake,
amezunguka Niva mara mbili, amelipiga tairi teke.
"Giaboksi imekufa," asema. "Tushushe yote."
Ana miaka kumi na tisa. Kwake kila kitu
ama ni kipya ama kimekufa.

Ngoja, namwambia. Nazima.
Kimya. Theluji inaporomoka toka ukingo wa bati.
Nashika mkono wa gia: ya kwanza, imo.
Ya pili, imo. Ya tatu, ya nne, rivasi,
zote laini, kama kiganja ndani ya mfuko wa koti.
Maiti gani huyu anayetii hivi?

Miaka thelathini nilimshikia Seyran taa
naye akizungumza na vyuma, si nami.
"Ikikubali imezimwa, ikakataa inapowaka,
usiilaumu gia. Gia ni bibi harusi mlangoni.
Tazama ni nani aliyemkanyagia upindo."

Basi nakanyaga klachi.
Pedali inazama hadi sakafuni na hairudi.
Naiinua kwa ncha ya kiatu. Inazama tena.
Chini ya boneti kikopo cha mafuta kimekauka,
umebaki mstari mmoja wa kahawia, mwembamba kama unywele.
Natandika gunia, naingia uvunguni:
silinda ndogo, ubavuni mwa giaboksi, imelowa.
Tone. Halafu kitambo. Halafu tone.

Mpira. Kipete kisichozidi ukucha wa kidole gumba.
Ghalani lipo kopo la kahawa, na kopo lina karatasi,
na karatasi ina mwandiko wake wa penseli:
*Klachi. Baadaye.*
Nimelipita kopo hilo miezi minane
nikifuata chumvi ya ng'ombe.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili.
"Kanyaga!" nasema toka chini. "Shikilia!"
Nalegeza chuchu, povu linatoka likifyonza.
"Achia! Si sasa, Hrachik, nikishafunga!"
Mara tano, mara tisa. Mafuta yananitambaa hadi kwapani.

Juu ya ua anachungulia Shoghik, mamake Hrachik,
na ile sauti yake ya matanga:
"Waona, Vardush, hata gari.
Lazima kimoja kiachie ndipo kingine kishike."

Shoghik, namjibu nikiwa chali,
huu ni mpira wa dram mia tatu.
Nipitishie spana namba kumi.

Saa mbili kasoro dakika ishirini.
Nawasha. Nakanyaga. Pedali inanisukuma mguu,
ina ubishi sasa, kama kiumbe hai.
Ya kwanza: tk. Imo.
Nikiachia, klachi inashika juu kuliko alivyoipenda yeye;
Niva inaruka, inazimika langoni,
maziwa yanapiga vifuniko, Hrachik anacheka.
Nawasha tena.

Taa za Manvel ziko kule kwenye mteremko.
Napiga honi, natia ya pili, napita kanisa,
na hapo, Shoghik asipoweza kuona,
napapasa chini ya kiti lile kono la kuvutia
na kukileta mbele meno mawili
kutoka pale miguu mirefu ilipokiacha.
Nisipofanya hivyo, klachi siifikii.