Kipimo: Moja kwa Hamsini

Niliwaambia: kesho leteni nyumba zenu.
Wakacheka. Si matofali, nikasema,
karatasi, rula, penseli ngumu iliyochongwa,
kipimo kiwe moja kwa hamsini.
Hapa Llallagua, juu milimani, mabati hulia kwa baridi
na vijana thelathini wa ufundi
huingia darasani wakipuliza vidole.

Mlango, katika somo letu,
ni mstari na robo ya duara;
robo hiyo huonyesha ubao unapopita ukifunguka.
Milango ishirini na tisa ilifungukia ndani.
Mmoja tu, wa jikoni kwa Limbert Colque,
ulifungukia nje, uani, kwenye upepo.
Nikashika kalamu nyekundu. Kosa, nikadhani.
Nani amekufundisha hivi?
Akajibu bila kuinua uso:
"Unaofungukia ndani, mwalimu,
unamchelewesha mama."

Kalamu ikabaki hewani.
Nami niliwahi kulala na kiti nimekiegemeza mlangoni,
miaka sita, na kila asubuhi
nikakirudisha mezani kama kiti chochote.
Husemwa nyumba usiyolala ndani hujui ila yake.
Je, sisi tuliolala ndani?
Tulijua, tukanyamaza,
ila hiyo tukaiita ndoa.

Basi siku ile sikufundisha ngazi.
Nikasema: tieni rangi pale mnapokanyaga kwa ncha za vidole.
Andikeni nani ana ufunguo.
Kiti kipi hakikaliwi na mwingine.
Nani huhesabu chenji, nani huhesabiwa.
Ngumi, nikawaambia, ndiyo paa;
kuta hutangulia, tofali kwa tofali,
nanyi mmekuwa mkipokezana matofali hayo
mkidhani ni mzaha.

Adalid, wa kiti cha nyuma, akapaza sauti:
"Lakini mwanamume ndiye nguzo ya nyumba!"
Wakapiga meza. Nikangoja.
Nguzo, Adalid, hubeba.
Umewahi kuona nguzo inayowaangukia waliolala
kisha ikadai heshima?
Hesabu hiyo mliifaulu mwaka jana.
Hakucheka mtu.
Nelva, msichana wa pekee darasani,
alikuwa keshapaka karatasi nzima.

Mkaguzi aliandika: haya hayamo katika mtaala.
Ni kweli. Nikatia sahihi.

Mwezi wa Agosti, mama yake Limbert
akiwa keshahamia Uncía kwa dadake pamoja na wadogo,
alikuja don Severino, baba mtu,
kofia ya mgodini mkononi
na mchoro aliouokota chini ya godoro la mwanawe,
umekunjwa mara nne.
Kusoma hajui sana. Ramani za mgodi anazijua:
miaka ishirini ndani ya mlima,
jambo la kwanza mtu hujifunza njia ya kutokea.
Akauweka mezani. Kidole chake cha vumbi la madini
kikafuata ukuta, kikafika jikoni,
kikasimama juu ya robo ya duara.
"Huu ni mlango wa dharura."
Ndiyo.
"Dharura gani?"

Jibu nilikuwa nalo.
Miaka sita nimelinoa.
Nikamsogezea rula.

Alipima. Toka jiko hadi mlango, sentimita sita.
Akazidisha kwa midomo, polepole, kama mtoto:
mita tatu.
Akarudia, mita tatu,
akatazama sakafu ya ofisi yangu
kana kwamba anazitafuta pale.

Kengele ililia, vijana wakamwagika uani.
Sijui alikwenda wapi na hesabu ile.
Mchoro aliuacha.
Rula aliondoka nayo.