Moshi Ndani ya Kaushio

Kompyuta iko juu ya meza ya cherehani,
inavuma kama nyuki, ya moto kuliko chai.
Nimeikata hewa vipande laki nne na ushei,
kila kipande kidogo kama karafuu yenyewe,
nikakiuliza kimoja kimoja: wewe u moto kiasi gani,
jirani yako kakupa nini, nawe utampa nani?

Shangazi Bikombo akauchungulia wavu kwenye kioo.
"Huu ukili," akasema, "lakini pembeni umelegea."
Kweli. Pembeni nilisuka kwa pupa.
Nikafumua, nikaikaza miyaa karibu na ukuta,
pale hewa inapojikwaa, inaposita kama mgeni
asiyejua viatu avivulie wapi.

Usiku wa kwanza namba zilichachamaa:
digrii elfu tisa ndani ya banda la mabati, Mtambwe!
Jua lenyewe lingeomba kivuli.
Usiku wa pili umeme ulikatika saa saba.
Wa tatu, kosa likaanza kushuka,
sehemu ya kumi, ya mia, ya elfu,
polepole, kama homa ya mtoto chini ya kitambaa cha maji.

Asubuhi, picha: nyekundu mlangoni, manjano katikati,
na kwenye kona ya nyuma doa la buluu
limejikunja, linazunguka palepale
kama mdaiwa aliyeona mlangoni pana mtu.

Fundi Shaame alicheka.
"Kona hiyo niliipiga kwa pimamaji.
Kompyuta yako imeingia humu lini?"
Sikubishana. Nilitia kaa kwenye chetezo,
udi kidogo juu yake, nikakisukuma mdomoni mwa kaushio.
Moshi ukaingia kwa adabu, ukapita trei ya kwanza,
ya pili,
ukafika konani ukajikunja.
Ukazunguka. Palepale.
Shaame akavua kofia, akajikuna utosi,
akaenda kuchukua msumeno bila kuaga.

Tulitoboa matundu mawili, upana wa kiganja.
Karafuu zikakauka kwa siku mbili badala ya nne,
zinavunjika kwa mlio.

Ila kuna jambo sikulitia kwenye hesabu.
Kituoni, mpimaji alizamisha mkono guniani,
akanusa, akanusa tena,
akamtazama shangazi, mjane wa miaka kumi na mmoja,
kuanzia ushungi mpaka kandambili:
"Bikombo, mbona hukutualika?"