Mlango, Ndoo, Kikohozi

Kaka yangu Ndahani amerekodi albamu
kwenye mashine ya kusaga ya Mama Chilewa, Kizota,
usiku, mashine ikishalala,
maana mchana pale hata ukipiga yowe
mwenzako anaona mdomo tu.

Magunia ya pumba ukutani ndiyo studio yenyewe.
Maiki imefungwa kwa kanga yangu (sijarudishiwa),
amplifaya imekalia mizani,
na mshale ukawa unaruka
kila alipokwangua uzi mnene:
kilo tatu, kilo nne na nusu,
unga haupo, ni gitaa linapimwa.

Anapiga roki. Mtaani wananiuliza roki ndiyo nini.
Nawaambia: mtu kakasirika polepole.
Aliipata kwenye kanda za daktari mmoja wa Mvumi
aliyerudi kwao akatuachia sanduku,
wanaume wa nchi kavu, wanaimbia puani
habari za reli na ng'ombe waliokonda.
Baba alisikiliza upande mzima, akasema:
kumbe hawa nao wana kiangazi.

Ngoma kapiga Mbeleje wa kundi la muheme la Nzali,
mama wa watoto watano,
kaibana mapajani, hakutaka kiti.
Akamwambia kaka, nne zako hizi, nne, nne, zinanichosha,
akatia pigo moja pasipo mahali pake
na wimbo wote ukalalia upande huo
kama mtama uliotuliwa na kwelea kwelea.

Nyimbo ni tisa. Albamu inaitwa *Tuta la Gulwe*.
Ya kwanza mnaijua, inapigwa mpaka saluni.
Ya tatu ni ya yule wa Manyoni, mimi simo.
Ya sita mvua ilishuka juu ya bati,
fundi akavua spika za masikioni: tufute, turudie.
Mbeleje akamtazama.
Mvua, Dodoma, unaifuta wewe kama nani?
Imebaki.

Ya saba ndiyo ugomvi wetu.
Mto umekula tuta, anaimba,
baba kasimama gizani na taa nyekundu
hadi treni ikasimama
na maji yakamchukua yeye.
Watu wanalia hapo. Nimewaona, mmoja mpaka kavua kofia.

Baba hakufia relini.
Alikufa kitandani, Alhamisi, kwa sukari,
mguu mmoja umeshakatwa,
anaulizia kama kuku wamefungiwa.
Taa ile aliirudisha stoo siku ya kustaafu, akasaini.
Najua kwa sababu nilimuuguza mimi,
Ndahani yuko Morogoro anatafuta nyuzi.

Nikamwambia: umemsingizia baba kifo.
Akalegeza uzi. Akaukaza.
"Nyemo, mimi sikuwepo.
Ulitaka niimbe nini? Nyuzi?"
Sikuwa na jibu, nikachukua ndoo yangu.

Sasa ya tisa isikilizeni mpaka mwisho, msizime.
Gitaa limekwisha,
pamebaki ule mvumo wa spika,
fundi kasinzia na mtambo unakwenda.
Hapo kuna mlango.
Kuna ndoo inatuliwa kwenye saruji.
Kuna sauti ya mwanamke, kavu, ya mtu wa kuamka saa kumi:
"Ndahani, luku imebaki yuniti mbili.
Na ile ya saba ipige taratibu kidogo.
Baba alikuwa hakimbii."
Halafu kikohozi kirefu, cha pumba.
Halafu basi.

Angeweza kukata. Hakukata.
Jalada limetoka juzi, nimelisomea dirishani:
gitaa na sauti, Ndahani;
ngoma, Mbeleje;
mvua, haikutajwa jina;
mlango, ndoo, kikohozi: Nyemo.

Kanga bado.