Uniti Kumi na Moja

Bati lililonivujia miaka saba
sasa linanilipa.
Nimelitandika paneli kumi na mbili, mkopo wa kikundi cha Makorora,
na ukutani, chini ya ngazi, ipo mita mpya
inayohesabu kwenda na kurudi
kama mama mkwe anavyohesabu vijiko baada ya shughuli.

Alfajiri nanunua.
Friza tatu za barafu hazina subira,
na wauza samaki wameshapanga ndoo zao mlangoni.
Saa nne tunalingana, mimi na gridi.
Saa sita namba zinageuka:
mimi niitwaye Mwanamvua
nauza jua.

Umeme hauna hamu ya kusafiri mbali,
huingia mlango wa kwanza ulio wazi.
Hapa Barabara ya Kumi na Tatu, mlango huo ni wa Kiluwa, mpiga pasi,
anayenyoosha kanzu za harusi za watu
na kulilipa Shirika bei ya duka.
Mimi Shirika linanilipa bei ya shamba.
Kutoka bati langu hadi pasi yake ni hatua ishirini,
na ndani ya hatua hizo bei imepanda mara tatu.
Nikamwambia, "Kiluwa, unanunua jua langu bila kujua."
Akacheka. "Basi nipunguzie."
Sheria hairuhusu.
Nikampunguzia barafu.

Nilikwenda Chumbageni na karatasi zangu.
Injinia Shemhilu, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni,
hakunibishia. Alinichorea transfoma ya mtaa wetu
mgongoni mwa fomu: duara, na nyumba zake kama vifaranga.
"Mama, nguzo umezisimamisha wewe?
Saa mbili usiku mtaa mzima unawasha, jua lako limelala;
nani anaubeba?
Na mchana, mkiwa ishirini mnaosukuma kwa pamoja,
volti inapanda, redio za watu zinaungua.
Njia hii ilijengwa ya kushukia. Ninyi mnaipanda."
Nikarudi na hasira iliyopungua nusu.
Nusu ya pili nikaiweka akiba.

Alhamisi moja ya Machi, maji ya bomba yanaunguza vidole,
umeme ukakatika saa saba.
Jua limesimama juu ya bati, la kumwaga,
na friza kimya. Paneli zimekufa pamoja na gridi.
Nikaipiga inveta kofi.
Kitaa chake chekundu kikanitazama tu.
Barafu ikatoa jasho, mimi nikatoa matusi:
umasikini gani huu, wa kufa kiu ndani ya kisima?

Nikatoka barabarani kutafuta wa kumlaumu.
Nikamwona juu ya nguzo, mkabala na Kiluwa:
Hiza, mtoto wa marehemu dada yangu,
mkanda kiunoni,
glavu imetoboka kidole cha shahada,
na waya ameushika.
Waya uleule. Unaotoka kwangu.

Sikumwita. Mtu aliye juu ya nguzo haitwi.
Nilisimama pale nikazihesabu paneli zangu kwa macho,
kumi na mbili, zote zimejaa,
zote zimenyamaza.
Kiluwa akatokeza na pasi iliyopoa mkononi:
"Vipi, jua lako limefilisika?"
Nikasema, "Limejizuia."

Mwisho wa mwezi taarifa ikaja.
Alhamisi ile, saa saba hadi saa tisa: sifuri.
Hesabu niliyofeli darasa la saba nimeirudia mara tatu.
Uniti kumi na moja sikuuza,
na friza moja ya barafu nilimwaga mtaroni.
Hiza alipita jioni ile kuomba maji ya baridi.
Hayakuwepo. Nikampa ya mtungini, ya uvuguvugu,
akanywa amesimama, akaomba tena.

Glavu ile nimemwambia aitupe.
Kesho narudi Chumbageni.
Bado zipo zile hatua ishirini.