Sura ya Kwanza, Wete

Nilitaka kubuni mji wa miaka mia ijayo,
ambako jirani hupewa namba,
kisha jina la mdudu.

Sikuhangaika na mdudu.
Bi Mize, muuza mafuta ya taa,
tulishamwita kupe
mwaka ule wa kura.
Duka lake likaota utando,
sukari ikagandamana guniani.

Alipofiwa na Shaame wake
tulichungulia madirishani,
tukahesabu wachukuzi wa jeneza: watatu.
Wa nne mpita njia, hakujua chama.

Mhariri kanijibu: "Hapa umetia chumvi.
Nani atasadiki jeneza la watu watatu?"

Nimefuta namba. Nimefuta miaka mia.
Kupe nimemwacha.

Mkono uliomwandika kwa chaki
mlangoni pa Bi Mize
ndio huu,
nauona unavyoshika kalamu.