Ukigusa, Umecheza

Dada yangu Holo ananiuliza kila Jumapili:
hiyo sataranji yenu inakuongezea nini?
Akili? Akili gani,
mtu anauza dagaa Mwaloni kwa ndoo
na kuku wake hawajafungiwa?

Sina jibu la haraka.
Ubao tumeuchora kwenye mfuniko wa boksi la minofu,
miraba myeusi kwa mkaa, myeupe kwa kuachwa.
Farasi mmoja ni kipande cha sabuni,
ngome yangu ni betri iliyokufa,
na mfalme wangu, samahani, ni gunzi.
Lushinge, mlinzi wa ghala la barafu, alinifundisha
usiku ule mvua iliponilowanishia magunia tisa
nikakosa pa kulilia ila mlangoni kwake.
Hakusema pole. Alisema: kaa, weusi ni wako.

Miaka minne sasa.
Sijawa mwerevu, niseme ukweli.
Bado napoteza funguo,
bado mjukuu namwita kwa jina la mama yake,
na yule tajiri wa magunia kutoka Kahama
alinipunja kwenye mizani mchana kweupe
huku nikijiona natazama hatua nne mbele.
Mizani haina miraba.

Ila kuna sheria moja, Holo.
Ukigusa, umecheza.
Ukimshika askari, hata kwa kidole cha kujikunia,
lazima aende,
na askari harudi nyuma.
Mwaka wa kwanza mkono wangu ulikuwa mwewe wa Kirumba:
unaona, unadaka.
Siku hizi unakaa mapajani. Unasubiri kuitwa.

Mwezi wa tatu, bati lilipong'oka,
kijana wa kausha damu alikuja na fomu na kalamu.
Weka sahihi hapa, mama. Na hapa.
Mkono ukabaki mapajani.
Nikaomba karatasi ya nyuma, akashangaa.
Nikahesabu: yeye akija Jumatatu, mimi natoa nini;
dagaa wasipokauka, anabeba nini;
friji, kisha kitanda, kisha jina langu kwa majirani.
Njia tatu, na zote nafungwa.
Nikasaini.

Usicheke. Bati lilikuwa limeng'oka
na watoto walikuwa chini yake.
Lakini nilisaini nikijua ni farasi gani namtoa,
na siku gani nitamlilia.
Hiyo ni faida? Sijui.
Wewe ulisaini wako ukitaniana na kijana yuleyule,
na riba tumelipa sawasawa.

Leo umeme umekatika tangu adhuhuri.
Barafu inayeyuka ndani ya ghala, tunaisikia ikidondoka,
na nyuma ya ukuta ziwa nalo linajibu.
Lushinge amewasha tochi ya simu, ameiegemeza kwenye kiatu.
Gunzi langu limebanwa pembeni na kipande cha sabuni.
Holo amesimama nyuma yangu na ndoo kichwani,
anasema anapita tu.
Halafu kidole chake kinavuka bega langu, taratibu,
kinaelekea kwenye betri.

Usiguse, nasema.
Kwanza tazama.